Haujapokewa au Haukupokewa: Ukanushi wa Kiswahili katika Rejista ya Hali

Mhadhara huu unajadili suala dogo la kisarufi lenye athari kubwa katika ufundishaji wa elektroniki kwa Kiswahili, yaani namna ya kukanusha taarifa za rejista ya hali. Mfano unaotumika ni mikrokontrola ATmega328P, ambayo huwasiliana na vifaa vingine kwa njia ya nyaya mbili inayooana na mfumo wa I2C, uliobuniwa na kampuni ya Philips mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waya mmoja hupitisha data, wa pili hupitisha mapigo ya saa.

Utaratibu wa mawasiliano hayo hauko mbali na ule wa kubisha hodi. Mikrokontrola inayoongoza hutuma ishara ya kuanza, kisha anwani ya biti 7 na biti 1 ya kuonyesha iwapo inataka kuandika au kusoma. Katika pigo la 9, kifaa kilichoitwa huitika kwa kuushusha waya wa data. Waya huo ukibaki juu, hakuna kilichoitika. Kila hatua inapokamilika, bendera iitwayo TWINT huwa 1, na biti 5 za juu za rejista TWSR hueleza kilichotokea.

Msimbo 0x08 una maana kwamba ishara ya kuanza imetumwa. Msimbo 0x18 una maana kwamba anwani ya kuandikia imetumwa na mwitikio umepokewa. Hapa kiambishi -me- kinafaa kabisa, kwani hueleza tendo lililotimia ambalo matokeo yake yangalipo. Ugumu huanza katika msimbo 0x20, ambapo anwani imetumwa bila kuitikiwa. Sarufi za shuleni hufundisha kuwa “umepokewa” hukanushwa kwa “haujapokewa”. Mfasiri akiifuata kanuni hiyo bila kuchunguza muktadha, mwanafunzi ataelewa kwamba mwitikio ungali njiani, naye ataandika programu ya kuusubiri. Programu hiyo itasubiri bila kikomo, kwa sababu pigo la 9 limekwisha kupita.

Kauli sahihi ni “haukupokewa”. Kiambishi -ku- hufunga mlango ambao -ja- huuacha wazi. Mwanafunzi aisomapo kauli hiyo hujua kwamba yampasa kuchukua hatua: kutuma ishara ya kusimama, au kuanza upya. Hata hivyo, -ja- ina mahali pake. Bendera TWINT ingali 0 baada ya amri kutolewa, yafaa kusemwa kwamba kazi “haijakamilika”, na hapo kusubiri ndiko kunakotakiwa.

Huenda ikapendekezwa kuwa msimbo 0x20 uelezwe kwa neno “kukataliwa”. Neno hilo linadai zaidi ya inavyojua rejista. Huenda kifaa hakina umeme, au anwani imekosewa, au hakipo kabisa. Asiyekuwapo hawezi kukataa.

Kwa kuhitimisha, mjadala wa istilahi umezoea kushughulikia nomino: rejista iitweje, biti iitweje. Mfano huu unaonyesha kwamba kitenzi nacho ni sehemu ya istilahi. Kiswahili kina njia mbili za kukanusha pale ambapo mhandisi ana hali mbili za kutofautisha. Kazi ya mfasiri ni kutozichanganya.