Jaji Aliyekataa Kujitoa



Mwaka 1975, mjini New York, mwanasheria mwanamke aliishtaki kampuni kubwa ya mawakili kwa kuwabagua wanawake. Kesi ikaangukia kwa Jaji Constance Baker Motley. Mawakili wa kampuni wakamtaka ajitoe: naye ni mwanamke, tena aliwahi kuwatetea waliobaguliwa.

Motley alikataa. Alisema kama jinsia, rangi au historia ya jaji ni sababu ya kumwondoa, basi hakuna jaji wa mahakama ile ambaye angeweza kuisikiliza kesi hiyo. Wote wana jinsia, wote wametoka mahali. Nilipousoma uamuzi huo nikiwa kijana, niliufunga nikaufungua tena.

Historia aliyotakiwa kuionea haya ilikuwa hii. Alizaliwa mwaka 1921, binti wa mpishi aliyehamia Marekani kutoka kisiwa cha Nevis. Ada ya chuo familia haikuwa nayo. Alilipiwa na tajiri mmoja aliyemsikia akihutubia. Mwaka 1945 aliajiriwa na wakili Thurgood Marshall, yule yule aliyewasaidia Wakenya katika mazungumzo ya katiba London mwaka 1960. Alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mara 10, akashinda kesi 9. Ni yeye aliyempigania mwanafunzi mweusi James Meredith mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi, kilichokuwa cha wazungu, mwaka 1962.

Mwaka 1964 aliingia Seneti ya jimbo la New York, mwanamke mweusi wa kwanza humo. Hakukaa sana. Mwaka 1966 Rais Johnson alimteua kuwa jaji wa shirikisho, na huko pia hakuna mwanamke mweusi aliyemtangulia. Uteuzi wake ulizungushwa tangu Januari hadi Agosti, seneta wa Mississippi akiuwekea ngumu. Mississippi haikuwa imesahau.

Mabinti zangu mnaohitimu sheria leo, kuna siku mtaambiwa mnayajua mno maumivu ya watu kiasi kwamba hamwezi kuwa waadilifu. Motley aliambiwa hivyo, akabaki kitini. Mwaka 1978 alikuwa na kesi ya mwandishi wa michezo aliyezuiwa kuingia chumba cha wachezaji wa besiboli, huku wenzake wa kiume wakiingia na kupata habari. Akasikiliza pande zote mbili, akaamuru mlango ufunguliwe.