Nilikwenda Kupiga Picha, Nikapimwa Presha

Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya watumishi, kwenye siku ya afya kazini.



Wengi wenu mnanijua kwa kamera. Mimi ndiye ninayewaambia msogee karibu, halafu jioni mnanitumia ujumbe mkiuliza picha ziko wapi. Leo nimeombwa nizungumze, nami nitaanza na siku ambayo niliambiwa niiweke kamera chini.

Mwaka jana wenzetu wa idara ya afya waliweka hema la kupima watu presha na sukari bila malipo. Nilitumwa kuandika habari. Kusema kweli, kichwa cha habari nilikuwa nacho kabla sijafika, maana habari za aina hii tumezizoea: wakazi wajitokeza kwa wingi, wahimizwa kula vizuri. Nilihitaji picha ya mtu akifungwa kile kitambaa cha mkononi, na foleni ilikuwa bado haijaanza. Sista aliyekuwa zamu, mama wa makamo, akaniambia, "Kaa wewe, mwanangu, mwenzako akupige picha." Nikakaa huku nacheka. Mashine ikasoma 162 kwa 104.

Akaniambia nitulie dakika 5, nisiongee, akapima tena. Tofauti ilikuwa ndogo. Nikamwambia, "Lakini mama, sijisikii vibaya." Akajibu kwamba ndivyo wanavyosema wote, na kwamba kesho yake nimwone daktari. Nilikuwa na miaka 34. Mabango yote ya shinikizo la damu yaliyobandikwa kwenye milango ya ofisi zetu, maneno yake niliyapanga mimi.

Wenzangu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 hapa Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Sisi watumishi tunaijua payslip yetu mpaka senti. Tunajua ile asilimia 2.75 inayokatwa kwa bima ya afya, na tunailalamikia kila mwisho wa mwezi. Lakini nikiuliza hapa ukumbini ni wangapi wanajua namba yao ya presha, naogopa mikono itakayoinuka. Ikifika 140 kwa 90, na ikarudia hivyo siku nyingine, tayari ni ugonjwa, hata kama hauumwi na kichwa.

Daktari aliniomba niandike siku yangu moja kama ninavyoandika habari: nani, nini, lini, wapi. Niliandika. Asubuhi mahamri 4 na mbaazi, chai yenye vijiko 3 vya sukari. (Mbaazi hazina kosa, jamani.) Saa nne chai nyingine, vijiko 3, na mandazi ya mkutanoni. Mchana chipsi, na chumvi juu yake kabla sijaonja. Saa tisa mkutano mwingine, soda moja. Saa kumi na moja chai ya tatu. Kutembea: kutoka dawatini hadi kwenye tuktuk.

Daktari akahesabu nami. Chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban vijiko vidogo 8 vya sukari. Pamoja na chai zangu, nilifika 17. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima wa kawaida asizidishe takriban 12 kwa siku, na ikiwezekana 6. Chumvi ni chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ikiwemo iliyofichwa kwenye mkate na viungo vya paketi. Mimi hiyo niliimaliza kwenye chipsi na mchuzi wa usiku.

Lililonishtua zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya sukari ile sikuinunua. Niliikuta mezani kazini. Na nani aliiagiza? Kwa miaka 6, kila tulipoandaa mkutano na wanahabari, fomu ya viburudisho niliijaza mimi. Nilikuwa nanakili ya mwezi uliopita: soda, sambusa, mandazi. Nilipobadilisha nikaandika maji, ndizi, machungwa, njugu na muhogo wa kuchemsha, dereva wetu mmoja alisimama mlangoni akauliza, "Kwani bajeti imekatwa?" Watu walicheka, na wengine walinuna mpaka mkutano wa tatu. Sasa muhogo ndio unaoisha kwanza.

Basi ombi langu kubwa leo nawapelekea ninyi mnaojaza fomu hizo katika kila idara. Ni mstari mmoja tu wa kubadilisha.

Najua kuna wenzetu hapa, walinzi na watu wa usafi, ambao hula kibandani kwa pesa kidogo, na kumhubiria mtu kama huyo habari za saladi ni kumdharau. Lakini mchicha, mnavu, kunde na kisamvu si vyakula vya matajiri. Nilizungumza na mama anayetupikia nje ya geti. Aliniambia kwamba mboga hupika sufuria ndogo kwa sababu sisi huagiza chipsi, na chumvi huzidisha kwa sababu tukikuta mchuzi haujakolea tunarudisha sahani. Tukimwambia apunguze, atapunguza.

Kuhusu mazoezi nitasema machache. Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, nilishangilia mpaka sauti ikakauka, nimekaa kwenye kochi. Tunachotakiwa sisi ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, yaani nusu saa siku 5. Mimi hushuka stejini na kutembea hadi ofisini, dakika 20, na jioni narudi vivyo hivyo. Nilipomsimulia dada mmoja wa uhasibu, aliniambia nazungumza kama mwanamume: yeye hutoka kazini giza limeingia na njia ile haina taa. Ana haki. Sasa yeye na wenzake 5 huzunguka uwanja wetu saa saba mchana, chini ya miembe, na nimewaona maafisa wakuu wawili wakijiunga.

Nilipopimwa mwezi uliopita nilikuwa 134 kwa 86. Bado nameza kidonge kimoja kila asubuhi, na daktari amenionya nisikiache kwa kuwa eti nimepungua kilo 6. Nawe uliyeandikiwa dawa, usiziache kwa sababu ya hotuba yangu.

Nje ya mlango huu kuna meza mbili za kupimia, na sista yule yule yuko hapo. Majibu ni yako peke yako, hayaendi kwa mkuu wa idara. Mimi natangulia kwenye foleni, na kamera nimemwachia mwenzangu.