Kipimo cha Shimo la Njiani

Ndugu Waislamu, Mtume wetu (S.A.W.) ameihesabu kazi ya kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi la imani. Hapa Bariadi udhia huo ni mashimo, kwani udongo mweusi wa mbugani huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Mwaka jana tulikadiria changarawe kwa macho. Ikaisha shimo halijajaa, nasi tukawarudia watu kuomba mchango wa pili. Tuliona haya.

Basi na tupime. Kwanza tope lichimbuliwe mpaka udongo mgumu, kwani kina cha kweli kiko chini ya tope. Shimo la urefu wa meta 2, upana wa meta 1 na kina cha sentimeta 15 lina meta 0.3 za ujazo. Lakini changarawe hupungua ikishindiliwa. Tuongeze theluthi yake, ziwe meta 0.4, yaani toroli sita au saba. Mwenye kuandika kumi, akazipeleka za ziada nyumbani kwake, aisome Suratul Mutaffifin. Na mwenye kuandika nne ili asifiwe kwa kubana fedha, mvua ya kwanza itamfichua.

Hesabu hii mwanafunzi wa darasa la sita aiweza. Wazee wampe kamba na daftari.