Mdomo Usiofungika

Sisi tunaokaa Nyeri, Karatina na Kerugoya hatumfahamu sana kome wa mtoni, kwa maana mito yetu ya huku juu ni ya baridi na mawe, naye hupenda mchanga na tope, mahali maji yanapopunguza mwendo. Ni kiumbe laini aliyejifungia kati ya magamba mawili. Akishtuka hufunga, na kumfungua kwa vidole ni kazi.

Hata hivyo wako wanaomla. Fisi maji humtafuna. Nguchiro wa majini, mjanja huyu, humbamiza juu ya jiwe mpaka apasuke. Kamongo wa Ziwa Viktoria humponda kwa meno.

Lakini leo tumtazame korongo mmoja mweusi aonekanaye katika mashamba ya mpunga ya Mwea, huko chini yanakofika maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Mdomo wake hata ukifungwa huacha nafasi katikati, ukadhani umevunjika. Kifaranga huanguliwa na mdomo ulionyoka. Nafasi hiyo hutokea jinsi anavyokua. Chakula chake hasa ni konokono na kome. Watu walidhani huvunja gamba kama kwa koleo. Sivyo. Kwa konokono hupenyeza ncha kali ya mdomo wa chini, akaukata msuli, akaivuta nyama, na mara nyingi gamba hubaki zima.

Mwaka 2020 ilithibitika kwamba konokono wageni, wenye asili ya Amerika ya Kusini, wameingia Mwea. Hula miche ya mpunga, na mayai yao ya rangi ya waridi hushikamana na mabua. Mkulima aliyekopa fedha za mbegu hatuwezi kumwambia avumilie tu. Wako wanaowaokota kwa mikono, wako wanaonyunyiza sumu.

Sumu tunaijua. Kule Bunyala, mwaka 2009 na uliofuata, ilielezwa jinsi wawindaji walivyotia dawa ya Furadan ndani ya konokono. Korongo hawa wakala, wakaanguka, na nyama yao ikauzwa kwa watu.

Na kule Thailand, korongo wa jamii hiyo hiyo hula konokono wale wale wageni. Basi, ndugu mkulima, kabla hujafungua chupa ya dawa, tembea kwanza kando ya mfereji asubuhi, utazame kama ndege huyo yupo kazini.