Mtoto Mwenye Mkono Mzito

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mtoto ambaye yumo katika vijiji vingi, wala watu hawamtaji ila kwa kunong'ona. Alichelewa kuketi na kutembea. Akienda, huburuta mguu mmoja kidogo. Mkono wa upande ule ule hukunjika, na vidole vyake ni vizito kufunga kifungo. Majirani husema amerogwa, au mamaye alivunja mwiko. Sivyo. Hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo, na hapa twasema juu ya ule ulio mwepesi.

Sisi walimu yatupasa kuungama kwanza. Tulipata kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, na kila siku alikuwa wa mwisho kumaliza. Tukamwita mvivu, tukamsimamisha mbele ya wenzake. Siku moja tuliuliza hesabu kwa mdomo, naye akajibu zote kabla ya mwingine ye yote. Hapo tulifahamu ya kuwa mvivu hakuwa yeye. Sisi ndio tuliokuwa wavivu wa kutazama.

Mwaka 1861 daktari Mwingereza, William John Little, aliyekuwa mwenyewe na mguu uliopindika tangu utoto, aliwaeleza madaktari wenzake huko London kwamba kukakamaa kwa viungo vya watoto hao kwatokana na madhara ya wakati wa kuzaliwa. Siku hizi twajua zaidi. Ubongo huweza kudhurika mtoto akiwa angali tumboni, au akizaliwa kabla ya miezi kutimia, au akikosa hewa katika kuzaliwa. Tena baadaye, kwa manjano kali ya siku za kwanza, au kwa malaria iliyopanda kichwani. Wala hauambukizi. Wengine huwa na kifafa au uzito wa kujifunza, bali wengi wenye hali nyepesi wana akili kama wenzao.

Wazazi huuliza, "Je, utazidi?" Jibu ni hili: jeraha la ubongo halizidi, wala haliponi. Lakini mwili wakua. Mifupa hurefuka, na misuli iliyokaza haiwezi kuifuata upesi. Hivyo kiungo huweza kupindika. Samaki mkunje angali mbichi. Mpelekeni mtoto hospitali mapema, mfundishwe namna ya kumnyoosha viungo kwa upole, bila kuvuta kwa nguvu. Nyumbani apewe kazi za mikono miwili: kuchambua mchele, kubeba kikapu, kufua nguo. Msimfanyie kila kitu kwa huruma.

Mwenye mtindio mwepesi aweza kutumaini kuishi miaka karibu sawa na watu wengine, kusoma, kufanya kazi, kuoa au kuolewa, na kupata watoto. Ila ajue jambo moja. Kutembea kwamgharimu nguvu nyingi kuliko wengine, na wengine huanza kuona uchovu na maumivu ya mgongo, nyonga au magoti wakiwa bado vijana. Huo si uvivu, wala si dalili kwamba jeraha limekua. Ni mwili uliofanya kazi maradufu. Apumzike kabla hajachoka, achague kazi isiyomsimamisha kutwa, naye asiache kwenda kwa daktari kwa kuwa sasa ni mtu mzima. Na akiona udhaifu mpya au ganzi, asiseme, "Ni ule ule wa zamani"; akapimwe.

Wenzetu walimu, kesho asubuhi mtazameni yule anayemaliza mwisho. Mpeni muda, mwulizeni kwa mdomo, mwekeni karibu na ubao. Nanyi mnaomcheka njiani, kumbukeni: hujafa hujaumbika.