Rangi haizibi ufa



Tumesikiliza pande zote. Wamoja wanasema tuzibe nyufa na simenti, watoto waendelee. Wengine: tubomoe, tujenge upya. Sisi vijana tulikuwa na wale wa kwanza, juu tunajua mifuko ya wazazi iko namna gani. Lakini tuliingia darasa la tatu: mkono mzima unaingia ndani ya ukuta.

Zile nyufa si za mvua. Ni matetemeko ya Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22. Nani amesahau tarehe 27, watu na magodoro njiani kuelekea Sake? Tukarudi, na watoto wakarudi chini ya kuta zile zile, bila mtu kuzipima.

Tunaomba injenia wa serkali aje kwanza. Ripoti yake isomwe hapa, mbele ya wazazi, si ku biro. Akisema kubomoa, sawa, lakini madarasa ya mbao na manjanja yasimame kwanza hapa uwanjani. Mbao zinacheza na tetemeko, tofali inaanguka. Na viwanja vilivyobomolewa vikabaki na ahadi, tunavijua.

Pesa? Katiba, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serkali ni bure. Mtoto asifukuzwe juu ya mfuko wa simenti.

Barua tunaipeleka Jumatatu asubuhi. Karatasi ya sahihi iko pale ku meza. Wamama wa soko, mupite mbele, musisimame mulolongo.