Mchuzi wa Karanga katika Chungu cha Kolo

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mchuzi mmoja wa Afrika ya Magharibi, ambao tuliupika huko Kolo, katika Wilaya ya Kondoa, kando ya barabara iendayo Babati na Arusha. Wageni huijua Kolo kwa michoro ya kale iliyomo katika miamba yake, iliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini wenyeji, Warangi, huijua kwa mashamba yake ya uwele, mtama na karanga.

Mchuzi huo huko Senegal na Mali huitwa mafe. Ni nyama iliyopikwa katika uji mzito wa karanga, pamoja na mboga za mizizi. Wengine hutia muhogo au viazi vitamu. Sisi tulitia karoti na viazi mviringo, ambavyo siku hizi vyapatikana sokoni, na ambavyo hulimwa sana Lushoto katika milima ya Usambara.

Labda mtu atasema, "Hicho ni chakula cha kigeni." Basi na tutazame. Karanga yenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, ikaletwa Afrika baada ya safari za Wareno. Watu wa Magharibi waliipokea upesi kwa kuwa walikwisha kuzoea njugu mawe, ambazo ni za kwao. Viazi mviringo, ambavyo wengine huviita viazi ulaya, si vya Ulaya. Vilitoka milima ya Andes, na Wahispania wakavipeleka kwao katika karne ya 16. Kila chungu kina wageni wake, nao wakikaa sana huwa wenyeji.

Sasa twataka kuwaeleza yaliyotupata siku ile, kwa maana yana faida kuliko mapishi yenyewe.

Tulifika kwa mama mmoja mwenyeji wetu mwezi wa Februari, wakati ghala zimepungua na mavuno bado. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba, akatuletea karanga vibaba viwili. Tulipozimimina katika ungo tuliona baadhi yake zina ukungu wa kijani, na nyingine zimesinyaa na kugeuka rangi. Nasi kwa haraka ya ualimu tukaanza kuzitupa nje mbele ya watoto wake na majirani, bila kumwambia neno.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mwezi huu hakuna anayetupa chakula. Nikizitupa hizi, jioni wanangu watakula maneno yako?"

Tuliona haya, kwa sababu alisema kweli. Tuliacha kutupa, tukaketi naye chini, tukamweleza sababu. Ukungu wa namna ile huweza kutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini. Ikiwa nyingi huweza kuua, na ikiwa kidogo kila siku huweza kuleta saratani ya ini baada ya miaka. Haionekani kwa macho, wala haiondolewi na moto wa jikoni. Karanga iliyooza ukiikaanga itanukia vizuri, na sumu itabaki. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Mama akauliza, "Je, tuwape kuku?" Tukamjibu kwamba kuku nao hudhurika. Basi tukachagua pamoja, punje kwa punje. Zilizotupwa hazikujaa hata kikombe kimoja, nazo tulizifukia shimoni. Mama alipoona kwamba hasara ni ndogo kuliko alivyoogopa, uso wake ulikunjuka. Akatuambia kwamba wakati wa kubangua yeye na wenzake hulowesha maganda kwa maji ili vidole visiumie. Hapo ndipo tulipotambua mlango mmoja wa adui, kwa kuwa unyevu huo ndio ukuzao kuvu.

Haya sasa, mapishi. Kwa watu wanane twaa kuku mmoja, karanga zilizochaguliwa vikombe viwili, vitunguu viwili, nyanya nne, karoti tatu, viazi mviringo vitano, pilipili na chumvi.

Kaanga karanga kwa moto mdogo mpaka ziive bila kuungua. Zifikiche, pepeta maganda, kisha zitwange katika kinu na kuzisaga juu ya jiwe mpaka zilainike na kutoa mafuta. Chemsha kuku mpaka akaribie kuiva. Katika chungu kingine kaanga vitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya, uzipondeponde. Koroga karanga zilizosagwa kwa supu ya moto hata madonge yaishe, ndipo uzimimine chunguni pamoja na nyama na supu iliyobaki. Tia karoti kwanza, kwa kuwa hukawia kuiva. Viazi vifuate baadaye. Punguza kuni, ukoroge mara kwa mara hata chini kabisa ya chungu, maana karanga hushika upesi. Mafuta yakielea juu, mchuzi umeiva.

Tuliula kwa ugali wa uwele. Karoti ina kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, ifaayo macho, na mwili hukipokea vizuri kikiwa pamoja na mafuta; basi karanga na karoti husaidiana. Asiye na kuku na apike kwa maharage, wala hatapungukiwa.

Wasikilizaji wetu, tulikwenda Kolo kufundisha mchuzi, tukafundishwa adabu. Jambo la kweli likisemwa kwa kumwaibisha mtu mbele ya wanawe, halimwingii. Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani na elimu hii, msianze kwa kutupa. Anzeni kwa kuketi na mama zenu penye ungo. Karanga zikaukeni juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo mtupu, zibanguliwe kavu, ziwekwe mahali pakavu penye hewa, zichaguliwe kabla ya kupikwa.

Mavuno yaliyofuata tulipita tena kwa mama yule. Karanga zake zilikuwa zimeanikwa juu ya mikeka miwili, na mtoto wake mdogo ameketi kando, akifukuza kuku.